Karatasi Iliyokuwa Kwenye Sanduku la Guka

Kazi niliyowapa wanafunzi wa kidato cha tatu ilionekana rahisi. Kila mmoja alete kutoka nyumbani kitu kimoja kilichoandikwa, chenye umri mkubwa kuliko wa wazazi wake. Barua, risiti, kadi ya ubatizo, kitambulisho cha zamani, chochote kile. Niliwapa wiki mbili, nikawaonya wasichukue kitu bila ruhusa ya mwenyewe. Hii ilikuwa miaka michache iliyopita, kabla ya korona, katika shule ya upili ya kutwa kule Murang'a.

Wiki mbili zilipoisha, meza yangu ilijaa. Kulikuwa na kadi ya chama ya miaka ya sitini, risiti ya kahawa kutoka kwa chama cha ushirika, cheti cha ndoa ambacho panya walikuwa wamekionja, na daftari ambalo mzee fulani aliandika madeni ya watu kijiji kizima. Hilo daftari lilitufanya tucheke kipindi chote, kwa sababu majina mengine tuliyajua.

Msichana mmoja alisubiri wenzake watoke. Alikuwa na karatasi ndani ya mfuko wa plastiki, imekunjwa mara nne. "Mwalimu, hii ilikuwa kwenye sanduku la guka," aliniambia. "Guka alikuwa msituni. Mau Mau. Nadhani hii ni karatasi yake ya kazi hiyo." Uso wake ulikuwa umejaa fahari. Guka wake alikuwa amefariki akiwa yeye bado mdogo, na siku ya mazishi habari zake za msituni zilisomwa mbele ya watu wote.

Niliifungua polepole. Ilikuwa kwa Kiingereza, ina jina, mahali anapotoka, muhuri, na sahihi ya afisa wa serikali. Nilisoma mstari wa juu mara mbili. Kilikuwa cheti cha uaminifu.

Kwa msomaji asiyejua: wakati wa hali ya hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952 na kuondolewa Januari 1960, serikali ya kikoloni iliwapa Wakikuyu, Waembu na Wameru iliowaona kuwa upande wake vyeti vya namna hiyo. Cheti kilifungua milango. Uchaguzi wa Machi 1957 ulikuwa wa kwanza kwa Waafrika wa Kenya kuchagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria, na katika eneo letu hili, asiyekuwa na cheti hakupiga kura. Mtu wa msituni hangepewa karatasi hiyo. Ndivyo nilivyofikiri siku ile, nikiwa nimesimama na karatasi mkononi na mtoto wa watu akiningojea niseme kitu.

Nikamwambia, "Niachie niisome vizuri. Tutaongea." Lilikuwa jibu la woga, nakubali.

Usiku ule sikulala vizuri. Si kwa sababu ya guka, bali kwa sababu yangu mimi. Kwa zaidi ya miaka kumi nilikuwa nimefundisha somo la historia na serikali jinsi lilivyofundishwa kwangu. Mada ya kwanza kabisa ya kidato cha kwanza ilihusu vyanzo vya historia: masimulizi, akiolojia, maandishi. Wanafunzi wangu walijua kuorodhesha faida tano za masimulizi ya mdomo na kasoro zake tano, na walizipata alama zao. Lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kutumwa kwenda kumuuliza mzee swali na kuandika jibu. Tulikuwa tunakariri ladha ya ugali bila kuuonja.

Sasa nilikuwa nimewatuma, na mmoja amerudi na kitu cha kweli, na mimi nataka kukificha.

Basi niliahirisha. Kabla ya kurudi kwenye sanduku la guka, niliamua darasa zima lijifunze kwanza kusoma karatasi ya serikali. Nilichagua Hola.

Nilichagua Hola kwa sababu karatasi zake zinapatikana, na kwa sababu zinapingana. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola karibu na Mto Tana, wafungwa wa Mau Mau ambao serikali iliwaita sugu walitolewa kwenda kuchimba mifereji ya kunyunyizia mashamba maji. Walikuwa wamekataa kazi hiyo, wakisema wao si wahalifu. Watu 11 walikufa. Taarifa ya kwanza ya serikali iliyotolewa kwa magazeti ilisema kwamba vifo hivyo vilitokea baada ya watu hao kunywa maji kutoka kwenye gari la maji.

Niliandika ubaoni maana ya taarifa hiyo kwa Kiswahili, tarehe na mahali, basi. Sikuwaambia kilichofuata. Nikauliza, "Hawa watu waliuawa na nini?"

Mikono ikainuka. Maji yalitiwa sumu. Kipindupindu. Mmoja akasema ni joto, kwa maana Hola kuna jua kali, mtu akinywa maji mengi ghafla huanguka. Nikaandika yote ubaoni. Halafu kijana mmoja wa nyuma, ambaye kwa kawaida huja darasani kupumzika, akasema bila kuinua mkono: "Lakini mwalimu, hawajasema maji ndiyo yaliwaua. Wamesema tu baada ya kunywa maji. Hata mimi nikinywa chai halafu nigongwe na gari, nimekufa baada ya kunywa chai."

Darasa likacheka, kisha likanyamaza. Mimi pia nilinyamaza. Nilikuwa nimeisoma taarifa hiyo mara nyingi na sikuwahi kuiona kwa jicho hilo. Neno lile "baada ya" lilikuwa limebeba uongo wote bila kusema hata uongo mmoja.

Tangu siku hiyo, nikitaka kumweleza mtu maana ya kusoma chanzo cha msingi, humpa mfano wa yule kijana na chai yake. Chanzo cha msingi ni kitu kilichotoka katika wakati wenyewe: barua, picha, hati ya korti, kumbukumbu za mkutano, maneno ya mtu aliyekuwepo. Wengi wetu hudhani kwamba kwa kuwa kimetoka katika wakati wenyewe, basi kinasema kweli. La. Kinachofanya ni kusema, na kazi ya kujua kweli imebaki kwetu. Karatasi ni shahidi, na shahidi huulizwa maswali. Wewe ni nani? Uliandika lini, jambo likiwa bado moto au baada ya miaka thelathini? Ulikuwa unamwandikia nani? Ulitaka afanye nini akishasoma? Na swali ambalo wanafunzi wangu hulipenda kuliko yote: nani alikuwepo na haonekani hapa?

Katika taarifa ya Hola, walio kimya ni wafungwa wenyewe, na walinzi waliokuwa na marungu. Hayo marungu hayamo kabisa.

Nikawapa karatasi ya pili. Uchunguzi wa hakimu kuhusu vifo hivyo ulionyesha kwamba watu wale walikufa kwa majeraha ya kupigwa. Na haikuwa hasira ya walinzi tu: kulikuwa na mpango, uliojulikana kwa jina la afisa wa magereza aliyeuandika, Cowan, wa kuwalazimisha wafungwa kufanya kazi kwa nguvu.

Karatasi ya tatu ilitoka London. Usiku wa tarehe 27 Julai 1959, Bunge la Uingereza lilijadili Hola hadi usiku wa manane kupita. Mijadala hiyo imo katika Hansard, kumbukumbu rasmi za Bunge lao, na mtu yeyote mwenye simu na bando kidogo anaweza kuisoma bure. Nilitoa kurasa chache, tukazigawa kwa vikundi. Mmoja wa waliosema kwa ukali zaidi alikuwa Enoch Powell, mbunge wa chama kilichokuwa kinatawala. Aliwashutumu wenzake, akasema Uingereza haiwezi kuwa na kipimo kimoja cha haki kwao na kingine Afrika.

Wanafunzi walimpenda Powell. Wakauliza alifanya nini baadaye. Ikanibidi niwaambie kwamba mwaka wa 1968, huko Birmingham, huyo huyo Powell alitoa hotuba dhidi ya wahamiaji iliyomfanya kuwa shujaa wa wabaguzi nchini mwake. Walikasirika kama watu waliopunjwa sokoni. "Sasa tumwandike mzuri ama mbaya?" aliuliza mmoja. Nikasema, andika alichosema mwaka wa 1959, na uandike alichosema mwaka wa 1968, na usifute kimoja ili kingine kikae vizuri.

Nilipomaliza kusema hivyo, macho yangu yalikutana na ya yule msichana wa karatasi. Nikajua siwezi kuendelea kumkwepa.

Kabla sijafika huko, niseme jambo kuhusu kupata karatasi hizi, kwa sababu walimu wenzangu huniambia, "Wewe una bahati, sisi huku hatuna chochote." Nairobi, karibu kila mtu amewahi kumwambia mwenzake, "Tupatane Archives." Husimama pale nje kwenye Moi Avenue, hutazama saa, na mwenzao akifika huondoka. Jengo lile lilikuwa la benki zamani. Ghorofa ya chini kuna mkusanyiko wa sanaa wa Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais wa pili wa nchi hii, na juu kuna chumba cha kusomea ambamo barua za madisii na ripoti za wilaya zinakaa zikingoja wasomaji. Maelfu hupita mlangoni kila siku. Mimi mwenyewe nilipatana na watu pale kwa miaka minane kabla ya kuingia ndani.

Lakini basi la kuwapeleka watoto 45 Nairobi ni pesa, na shule yetu ya kutwa haina. Kwa hiyo tuliokota kilichokuwa karibu. Gazeti rasmi la serikali limechapishwa tangu 1899, na matoleo mengi ya zamani yapo kwenye intaneti. Tulitafuta jina la eneo letu, tukapata matangazo ya ardhi na ya machifu ambayo hata mwalimu mkuu alikuja kuyasoma. Rejista za kanisa ziko kwa padri, ukimwomba kwa heshima. Na wazee wapo, ingawa hawatungoji.

Kutuma wanafunzi kwa wazee si jambo jipya. Mwaka wa 1968, wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walirudishwa kwao, vijiji vya kusini mwa Tanzania na kwingineko, kuandika kumbukumbu za wazee kuhusu vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Hadi hapo, karatasi nyingi za vita hivyo zilikuwa za Wajerumani. Hapa kwetu, Bethwell Ogot alikuwa ameandika historia ya Wajaluo wa kusini kwa kutegemea masimulizi, kitabu kikatoka mwaka wa 1967, wakati ambapo wasomi wengi bado waliamini Afrika isiyo na maandishi haina historia. Nikilinganisha na hao, kutuma watoto kumuuliza shosho si ujasiri wowote.

Na karatasi za Hola zina mkia mrefu. Wakoloni walipokuwa wanafunga virago, walichoma nyaraka nyingi na nyingine wakazisafirisha kwao. Kwa miongo mingi tuliambiwa hazipo. Mwaka wa 2011, wazee wetu wakiwa wameishtaki serikali ya Uingereza katika Mahakama Kuu ya London, serikali hiyo ilikiri kwamba mafaili yapo, yamewekwa mahali panapoitwa Hanslope Park. Ya Kenya pekee yalikuwa kama 1,500. Mmoja wa washtaki alikuwa Wambugu wa Nyingi, aliyesimulia jinsi alivyopigwa Hola hadi akazirai, akatupwa pamoja na maiti, wakidhani naye amekufa. Uingereza ilidai muda mrefu umepita, kesi haiwezi kusikizwa kwa haki. Oktoba 2012 jaji alikataa hoja hiyo, na wingi wa nyaraka ulikuwa mojawapo ya sababu zake. Juni 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa walalamishi 5,228.

Wanafunzi walipiga hesabu wenyewe mgao wa kila mmoja, wakaguna. Lakini nilitaka waone jambo jingine. Mzee Wambugu alikuwa amesimulia habari zake miaka yote hiyo, na hazikutosha mpaka karatasi zilipojitokeza. Nazo karatasi zingekaa kabatini milele kama wazee hawangesimama na kusema. Mdomo na karatasi vilihitajiana.

Nilimwita yule msichana siku ya Ijumaa, baada ya vipindi. Tulikaa kwenye benchi nje ya ofisi ya walimu, mahali pa wazi. Nikampa karatasi yake, nikamwambia, "Nilipaswa kukuambia siku ile ile. Pole. Hebu isome mwenyewe kwa yale maswali yetu."

Alisoma kwa sauti ndogo. Alipofika kwenye neno lile la uaminifu alisimama. "Uaminifu kwa nani?" Hakungoja nijibu. Akatazama sahihi. "Kwa hiyo guka alikuwa homugadi?"

Nilitaka sana kusema hapana. Pia nilijua nikisema ndiyo nitakuwa nimefanya kosa lile lile, la kuiachia karatasi itoe hukumu. Nikamuuliza, "Hii karatasi imeandikwa na nani?" Akasema, afisa wa serikali. "Inasema guka alifanya nini?" Akaipitia tena. "Haisemi alifanya nini. Inasema tu wao walimwamini." "Na ni nani haonekani hapa?" Alikaa kimya kwa muda. "Guka mwenyewe," akasema. "Na shosho."

Shosho wake alikuwa hai. Nikamwambia asiende kama hakimu wala kama mtoto aliyetumwa na mwalimu. Aende kama mjukuu, achague siku shosho ana nafasi, na akikataa kuongea, asimsukume. Hata kunyamaza kwake ni jambo la kuandikwa.

Alirudi baada ya wikendi mbili na kurasa tatu alizoandika kwa mkono. Shosho hakukataa. Alisema mwanzoni guka alipeleka chakula msituni, yeye mwenyewe alikipika. Kisha mwaka wa 1954 watu wakahamishwa kwa nguvu kwenye vijiji vyenye mitaro na walinzi. Zaidi ya watu milioni moja katika eneo hili walihamishwa hivyo. Ndugu ya guka alikamatwa. Baadaye serikali ilianza kupima ardhi upya na kuiunganisha, na ikajulikana kwamba walio kizuizini wangepoteza. Guka akaenda kuomba karatasi. Alifanya nini ili aipate, shosho hakusema. Msichana aliuliza mara moja tu. Shosho alitazama mlangoni akasema, "Karatasi hiyo ndiyo iliyotulisha. Shamba unalolimia mboga ni hilo." Kisha akamwagiza akalete maji.

Mwishoni mwa ukurasa wa tatu msichana alikuwa ameandika: "Sijui alifanya nini. Shosho anajua. Sikuuliza tena."

Nimesahihisha insha nyingi za historia, na sijawahi kuona sentensi za uaminifu kama hizo. Mtoto wa miaka kumi na saba alikuwa amejua mahali ushahidi wake unapoishia, akasimama hapo. Hakumfanya guka wake shujaa, wala hakumfanya msaliti. Na alikuwa amelipia ujuzi huo, kwa sababu guka wa siku ya mazishi alikuwa amempoteza.

Aliniuliza kama ni lazima asome mbele ya darasa. Nikamwambia si lazima, hii ni mali ya nyumbani kwenu. Akafikiri, akaniambia atasoma ile sehemu ya vijiji na ya shamba, na karatasi itabaki mfukoni. Nikakubali. Katika darasa lile kulikuwa na watoto ambao babu zao walipelekwa kizuizini na kurudi wakakuta ardhi imegawiwa wengine, na sikujua ni ya nani ilienda kwa nani. Bado sijui.

Kuna wenzangu walioniambia nilifanya vibaya, kwamba nafukua makaburi ya watu kwa ajili ya somo moja. Sijawapuuza. Mwalimu akituma watoto kwenye masanduku ya nyumbani, awe tayari kwa kitakachotoka humo, na asije akajificha kama nilivyojificha mimi siku ile ya kwanza. Siku hizi, kabla ya kuwatuma, huwaambia wazi: huenda ukapata kitu usichokipenda. Wengine huamua kuleta risiti ya kahawa, na hiyo pia ni historia nzuri.

Yule msichana alimaliza shule, akaendelea na maisha yake. Mara ya mwisho tulipokutana, stejini, alinieleza kwamba shosho alifariki, na kwamba katika wasifu uliosomwa siku ya mazishi waliandika ya msituni na ya karatasi, yote mawili, kwa mistari minne. Mjomba mmoja alinuna. Karatasi yenyewe iko kwake sasa, kwenye mfuko mpya wa plastiki. Matatu ikaja, akapanda.